Njema, Ila

Rehema mwanangu,

Salamu za mwanzo nimeziruka kusudi. Barua za kwetu wazijua zinavyoanza: sisi huku sote ni wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Hayo nimeyaweka mwisho, na ukifika huko utaelewa kwa nini. Usikimbilie kuyasoma kwanza, nakujua.

Umetoka sasa hivi na wenzako kwenda ufukweni Mama Ngina kuagana. Nimekuagiza mihogo ya kukaanga, ile ya ndimu na pilipili, wala sina hamu nayo. Nimetaka tu ukawie. Jua bado liko juu, babako amesinzia kitini kwake karibu na dirisha, nami nimekaa kwenye meza ile ile ya kulia iliyogeuka kuwa ofisi yangu, kompyuta nimeifunga. Naandika kwa kalamu kwa sababu nikikutumia kwenye simu utaisoma mbele yangu, kisha unifuate jikoni na macho yako yale. Nitaitia kwenye mkoba, chini ya kanga. Ningependa uifungue treni ikishapita Voi, lakini wewe hata Mariakani hufiki hujaifungua.

Mambo ya sufuria, ya kufunga mlango na ya watu wa Nairobi sikwambii. Una akili zako, na mashangazi zako wamekwambia mpaka umeziba masikio. Nataka kukwambia jambo la kazi. Usicheke.

Unakwenda kusimamia vikundi vya mafundi wa umeme wa jua, kila kikundi na mji wake, na kitakachowaunganisha ni ubao ule wa kwenye kompyuta. Kila kazi ina kadi yake, kila kadi ina jina la mwenyewe, siku yake ya mwisho na rangi yake. Kijani, kazi inakwenda. Manjano, ina wasiwasi. Nyekundu, imekwama. Ulinieleza mwenyewe kuwa wamekuchukua kwa sababu uliwaambia umeishi kwenye nyumba yenye ubao kama huo. Kweli umeishi. Lakini ulichokiona wewe ni mamako akibonyeza simu huku anakoroga uji. Nyumba ya Bi Zuhura hukuiona, maana wakati ule ulikuwa chuoni, na nilipokupigia nilikwambia la babako tu.

Kabla ya ubao, kazi zetu za kukarabati nyumba kongwe zilikuwa kichwani mwa tajiri wetu na kwenye makelele ya simu. Seremala angojea fundi wa chokaa, fundi wa chokaa angojea mwenye mkokoteni, mwenye mkokoteni yuko Kongowea kwa shughuli zake, na mwenye nyumba anakuja pale ofisini Ganjoni kutuuliza mbona mlisema mwezi wa Shaabani. Mimi ndiye niliyeuleta ubao. Nilipigania kama kitu gani. Nikakaa na mafundi mmoja mmoja barazani, nikawatilia kwenye simu zao, nikawaonyesha pa kubonyeza. Wakauita ubao wa Mama Rehema, nami nikavimba kichwa.

Basi kila Jumatatu asubuhi nikawa naumulika ukutani, wote wamekaa, chai mkononi, na mwenye kadi nyekundu namsimamisha aeleze. Sikuwa na nia mbaya, wallahi. Niliona ndiyo kazi yenyewe. Nikamsimamisha fundi wa chokaa, mtu mzima mwenye wajukuu, mbele ya vijana anaowafundisha, nikamuuliza imekuwaje. Akanijibu kwa adabu, akakaa, chai yake hakuigusa tena. Jumatatu iliyofuata hapakuwa na nyekundu hata moja. Ukuta mzima kijani. Nikafurahi, mjinga mimi, nikampigia tajiri simu nimwambie mfumo umeanza kuzaa matunda.

Hebu fikiri jinsi sisi tunavyoamkiana. Mtu amefiwa, ukimuuliza waambaje, atakujibu njema. Ndipo avute pumzi aseme: njema, ila mama ametutoka alfajiri. Ile njema hakukudanganya. Ni adabu, ni kukupokea kwanza kabla hajakutwisha lake. Habari yenyewe huja baada ya ila, na kila mtu wa pwani anajua hivyo, anangojea. Sasa mimi nilikuwa nimewauliza watu wa pwani habari zao kwa rangi. Wakanijibu kama walivyolelewa. Ubao ukawa umejaa njema tupu, na pa kuandika ila sikuwawekea, na hata wangepapata, nilikuwa nimeshawafundisha kuwa wa ila husimamishwa ukutani.

Bi Zuhura alikuwa amerudi kutoka Maskati baada ya miaka mingi. Nyumba ya wazazi wake kule Mji wa Kale ilikuwa imechoka, na alitaka itengenezwe ili binti yake atolewe pale pale alipotolewa yeye. Siku ya harusi ilishapangwa, kadi za mwaliko zimeshatoka. Kazi kubwa ilikuwa ghorofani, chumba cha bibi harusi: sakafu ilioza yote, ikabidi ing'olewe. Seremala wetu alikuwa Kazungu, Mgiriama wa Rabai, mtu wa kanisani, mpole, anayepiga randa huku anaimba chinichini. Kazungu alihitaji mbao, na mimi ndiye wa kuziidhinisha na kuziagiza. Kadi ya idhini ilikuwa na jina langu.

Ndipo babako akaanguka bafuni.

Hayo unayajua: kiharusi, hospitali, upande mmoja wa mwili umekufa. Usilolijua ni kwamba nilipokuwa kwenye benchi la nje ya wodi simu ikalia kunikumbusha idhini ya mbao. Nikaitazama. Nikabonyeza kijani. Nilimaanisha nimeona, nitashughulika nikitoka hapa. Kubonyeza kijani si kuagiza mbao, nami ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu hivyo kila siku. Nikairudisha simu mkobani na nikaisahau kadi ile kabisa.

Mafundi wakaja kumtazama mgonjwa. Walikuja wote na machungwa, wamevaa mashati yao ya kutokea, wakajipanga kando ya kitanda. "Mama Rehema, mgonjwa aendeleaje?" Nikawajibu anaendelea vyema, alhamdulillah. Na huyo mgonjwa hapo hata maji hayapiti kooni. Wakatazamana. Hakuna aliyeniuliza la mbao. Kazungu alipofika mlangoni akageuka, akafungua mdomo, akaufunga, akasema, "Tunakuombea, mama," akatoka. Leo nikikumbuka ule mdomo wake natamani ningemshika mkono nimwambie sema.

Niliporudi kazini siku ya kukabidhi ilikuwa imefika. Nikafungua ubao: kijani, kijani, kijani. Nikashukuru Mungu kwa wafanyakazi nilionao. Nikavaa buibui langu zuri, nikachukua funguo, nikaenda na Bi Zuhura na dada zake, mmoja ana chetezo cha ubani mkononi, wamekuja kukibariki chumba. Tukapanda ngazi. Nikaufungua mlango mimi mwenyewe, kwa madaha.

Chumba hakina sakafu, Rehema. Boriti mpya zimelazwa, zimekaa vizuri sana, na katikati yake unaona jiko la chini na mwanamke anaosha vyombo. Yule mwanamke akainua uso akatutazama. Ubani unafuka.

Bi Zuhura hakunipigia kelele, na heri angepiga. Alinishika bega akaniambia, "Mwanaisha, mngeniambia tu. Ningemtoa mwanangu kwa dada yangu hapo Kibokoni, wala nisingekuwa na neno. Sasa watu nimewaita huku." Akashuka ngazi polepole, ameshika ukuta. Harusi ilifanyika Kibokoni hivyo hivyo, kwa mbiombio, wageni wengine wakapotea vichochoroni wakitafuta nyumba, na bibi harusi alitoka kwenye mlango ambao mamake hakuuota.

Nikamkamata Kazungu pale kichochoroni, nikamfokea mbele za watu. Mbona kadi yako ya sakafu ni kijani? Huna macho? Yeye ametazama viatu vyake. Nilipoishiwa pumzi ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini, "Mama, ningeandika imekwama, ubao ungeniuliza imekwama kwa nani. Ningeandika jina lako? Nawe una mgonjwa?"

Nikakaa kwenye baraza ya watu nisiowajua. Walijua wote. Fundi wa chokaa alijua, wa mabomba alijua, mwenye mkokoteni alijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui kuwa nyumba nzima inaningojea mimi, kwa sababu walinionea huruma, na kwa sababu kila aliyeniuliza nilimwambia vyema.

Tajiri alitaka tuutupe ubao. Nikakataa, na ningekataa tena. Usije ukadhani mamako anakutuma Nairobi ukiogope chombo chako cha kazi. Ubao hauna haya wala huruma, huonyesha kile ulichoandikiwa. Nikaacha kuumulika ukutani. Na kwenye kila kadi, chini ya rangi, nikatia mstari mmoja ulioanza wenyewe: "Njema, ila". Kadi haikubali kufungwa mpaka ujaze. Wa kwanza kujaza nikawa mimi, wote wakaona kwenye simu zao: "Njema, ila nilikuwa na mgonjwa na sikuagiza mbao. Kosa ni langu."

Ikafika adhuhuri. Halafu simu ikaanza. Njema, ila msumeno wangu umekufa. Njema, ila chokaa haijaiva, tukiipaka sasa itabanduka. Njema, ila wiki ijayo namuoza binti yangu na sikujua niseme vipi. Njema, ila sisomi vizuri hizi herufi ndogo. Lo! Kumbe watu walikuwa na mengi hivyo, na kila moja likiwa na dawa yake likijulikana mapema. Msumeno tukaazima, chokaa tukaiacha iive tukaanza na madirisha, mwenye harusi tukampa siku zake. Nyumba iliyofuata, ya mtaa wa Ndia Kuu, tulikabidhi kabla ya siku, na mwenyewe akatupikia pilau tukala kwenye sakafu ya Kazungu.

Ningekuwa mwalimu ningekomea hapo. Lakini mimi ni mamako, na hayo yote nimeyasema ili nipate ujasiri wa kusema yanayofuata.

Babako alipotoka hospitali nikauhamishia ubao nyumbani. Tajiri ni mtu mwema, alinikubalia nifanye kazi kwa simu na kompyuta. Kila mtu akaniambia nina bahati. Tuko Tudor, ghorofa ya juu kabisa, hakuna lifti, upepo mzuri, mnaona maji ya hori la bahari. Bahati gani. Babako, mtu aliyekuwa akiendesha winchi bandarini na kunyanyua makontena kama mchezo, hashuki ngazi zile ila kwa kubebwa kitini na majirani kwenda kliniki. Asiposhuka yeye sishuki mimi. Hugonga kijiko kwenye gilasi akinihitaji, na simu nayo hulia kadi inaponihitaji, na kuna siku vyote viwili vinalia pamoja nami nimesimama katikati ya sebule sijui niende wapi. Nawajua watu wa mtaa huu kwa utosi wao. Muuza maji, mwalimu wa madrasa, dereva wa tuktuk anayegeuza pale chini, wote nawaona kutoka juu tu. Nimenaswa, Rehema. Sijapata kulisema neno hili, na kulisema kunanitia aibu, maana aliyenaswa mwilini mwake ni yeye, mimi miguu ninayo.

Ukamaliza chuo, ukarudi, ukachukua nusu ya mzigo bila kuambiwa. Kisha mwaka jana ukaomba kazi ile ya kwanza. Ukaja ukatuambia hawakukuchukua, si neno, iko nyingine. Ulisema huku unakunja nguo, mgongo umenipa. Nami nikasema Mungu atakupa iliyo bora.

Nilijua. Fundi cherehani wetu alikuja kuleta suruali za babako na akaniuliza mlangoni, "Kwani Rehema amekataa kazi kwa nini? Binti yangu aliye ofisini kwao asema walimpigia mara mbili." Nikamwambia sijui, watoto wa siku hizi. Nikafunga mlango. Na badala ya kukuita nikuulize mara ya pili, kama ninavyowauliza mafundi, niliingia jikoni nikakupikia mahamri. Kwa sababu ukiwepo nilikuwa nalala. Ile njema yako niliijua kuwa na ila, nikaipokea kwa mikono miwili kwa kuwa ilinifaa. La nyumba ya Bi Zuhura nimejisamehe. Hili bado.

Basi juzi ukaniuliza tena, tukiwa tunamfulia babako mashuka: "Mama, nikienda kweli utaweza?" Nikakujibu, "Kwani kabla hujazaliwa nani alikuwa akiniwezea?" Ukacheka. Ukaenda kutia nguo zako kwenye begi. Ukuta mzima kijani.

Haya sasa. Njema, ila sitaweza.

Siku uliyokwenda kushughulikia tiketi nilijaribu kumhamisha babako peke yangu kutoka kitandani. Akanielemea, tukaanguka sote wawili. Tulikaa pale chini muda mrefu, yeye anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, mimi nalia, mpaka nilipopata nguvu ya kumvuta akaegemea kabati. Uliporudi ukaniuliza kanga imechanika vipi, nikakwambia msumari. Mgongo wangu haunyooki asubuhi. Kuna siku namchukia babako, kijiko chake na gilasi yake, kisha najichukia mimi kwa kumchukia, kisha simu inalia naandika kazi inakwenda vizuri. Na wewe kesho unaondoka, na nimefurahi mpaka nataka kupiga vigelegele, na ninakuonea wivu, mwanangu mwenyewe, kwa kuwa una mlango na unatokea. Yote ni kweli kwa pamoja.

Najua sasa hivi unachungulia dirishani unatafuta kituo cha kushuka. Kaa kitako. Ndiyo sababu nimeanza na ubao. Nyekundu haimaanishi kazi isimamishwe, wala haimaanishi aliyeiona kwanza ndiye aibebe. Inamaanisha watu watazame hapa, na kwamba kadi iwe na jina la mtu. Jina lililoandikwa kwenye hii si lako.

Ami yako Hamisi yuko Likoni, kivuko tu kinatutenga. Mdogo wa babako, tumbo moja. Huja sikukuu, husimama mlangoni, huniuliza, "Kaka aendeleaje?" Nami humwambia vyema. Hunywa chai kwa haraka, huondoka. Muda wote huu nimemnung'unikia moyoni, jitu zima lile, mikono kama makasia, hamgusi nduguye. Leo baada ya swala ya adhuhuri, ulipokuwa umekwenda kwa msusi, nilimpigia.

"Hamisi, waambaje?"

"Njema, shemeji. Kaka?"

"Njema, ila siwezi tena."

"Huwezi nini?"

"Kumnyanyua. Kumuogesha. Rehema anaondoka kesho. Nikibaki peke yangu nitamwangusha. Nimeshamwangusha."

"Shemeji, mbona siku zote waniambia vyema?"

"Na wewe mbona siku zote waniamini?"

Kisha akasema inshallah atakuja. Nikamuuliza, "Hii ni inshallah ya kuja, au inshallah ya kuniaga?" Akacheka, hakutaka lakini alicheka. Halafu sauti ikambadilika. Akasema, "Shemeji, mimi nimefika mpaka chini ya ngazi zenu mara si haba. Nasimama pale, nasikia kile kijiko, nageuka. Siwezi kumuona kaka vile. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea." Akalia, mtu mzima, kwenye simu. Nikamuacha alie. Nilipomaliza kumngojea nikamuuliza atakuja saa ngapi, akaitaja, na nikamwambia airudie.

Nilipokata simu babako akagonga gilasi. Nikaenda, nikidhani ni maji. Alikuwa amesikia kila kitu, masikio yake hayana ugonjwa. Akanishika kiwiko kwa mkono ule mzima, akahangaika na midomo, akasema, "Umesema." Basi, hilo tu. Nami nikamfuta mate, tukakaa.

Sijui kama Hamisi atakuja. Nataka ujue hivyo, nisikupe kijani kingine. Huenda akasimama chini ya ngazi akageuka, na hapo nitachungulia dirishani nimwite jina lake mtaa mzima usikie, maana utosi wake naufahamu. Na akija, mimi bado niko ghorofa ya juu na kijiko kitagonga. Lakini kuna mtu mwingine anayejua, na kabla ya leo hakuwepo.

Wewe huko ukikaa mbele ya ubao wako, ukiona yote kijani, usipige simu kwa tajiri kujisifu. Jiulize nani anaonewa huruma, na kama si wewe. Wapigie watu. Wakikwambia "poa" au "fiti", hiyo ni njema yetu hii hii imevaa jinzi. Uliza tena, kwa upole, na ukishajibiwa usimsimamishe mtu ukutani. Na ile kazi ya mwaka jana nisamehe. Ulikuwa umenibebea kadi yangu na nikakuacha uibebe.

Nasikia tuktuk inageuza pale chini, na kicheko hicho ni chako. Kalamu naiweka.

Salamu sasa. Sisi huku sote ni wazima, ila mamako amechoka, na babako tangu asubuhi anatazama begi lako hataki kula. Hofu ni kwako wewe uliye mbali. Nenda, mwanangu. Ijumaa ukinipigia utaniuliza habari, na mimi, hata baada ya barua yote hii, najijua, nitakujibu njema.

Usikate simu.

Mamako,
Mwanaisha